Mzima wa Kulinganishwa

Katika Nyumba ya Vipimo asubuhi ilikuwa inawashwa. Mtu fulani, mahali fulani, alibonyeza swichi, nuru nyeupe ikajaa korido zote, na watu wakaambiwa kumekucha. Kuna nyakati aliyebonyeza alisahau kuzima, asubuhi ikaendelea mpaka kucha za watu zikarefuka ndani yake. Kuna nyakati asubuhi mbili zilifuatana bila usiku kati yake, wakanywa uji juu ya uji, na hakuna aliyethubutu kuuliza, kwa sababu kuuliza saa ngapi kulihesabiwa kuwa dalili. Mwanamke aliyeitwa Sikudhani alikwishaacha kuuliza. Aliishi kwa kuufuata mwili wake, akilala ukichoka na kuamka ukishtuka, na mwili huo ndio uliomsaliti leo. Aliposhusha miguu sakafuni alihisi baridi kwenye nyayo.

Alirudisha miguu kitandani upesi, akaisugua kwa viganja. Akajiambia ni sakafu, saruji ina baridi, nani asiyejua. Akaishusha tena taratibu, kisigino kwanza. Sakafu ilikuwa na joto. Baridi ilikuwa ndani ya nyayo, chini ya ngozi, na ilikuwa imetulia kama mgeni aliyekwishaonyeshwa chumba chake.

Mama yake alianza hivyo hivyo. Alianza kwa kulalamika kwamba nyumba ina upepo, akavaa soksi kwenye jua la kupasua kichwa, watu wakamcheka, naye akacheka nao. Baridi ikapanda magoti. Ikakaa kiunoni, ikajifanya imeridhika. Ilipofika kifuani mama hakuwa na neno tena. Alikuwa anautazama mlango tu, kama mtu anayengoja kuitwa. Akafuata mama mkubwa, kisha dada yake, wote katika umri huu huu aliokuwa nao Sikudhani sasa, na wote walizikwa bila mtu kuwaambia kilichowaua kinaitwaje. Tangu hapo Sikudhani aliishi roho mkononi. Wenzake walilala usingizi, yeye alilala akizilinda nyayo zake.

Ndiyo maana siku Nyumba ilipomchagua alilia kwa furaha. Alikuwa amemsindikiza jirani tu, amekaa kwenye benchi la wasindikizaji, anakula karanga, walipopita watu wa makoti meupe wakimtazama kila mtu kama wanaotafuta kifuniko cha sufuria fulani. Walimsimamisha. Wakampima kimo na uzito, wakamuuliza amezaa mara ngapi na amezika mara ngapi, wakamkunja mkono na kumkunjua, wakamtazama ulimi. Halafu mmoja akamwambia mwenzake, bila hata kupaza sauti, "Huyu mzima. Anafaa." Sikudhani alidondosha karanga zote. Maisha yake yote alikuwa akilisubiri neno hilo kutoka kwa mtu anayejua, na lilipokuja lilikuja hivyo, kama salamu ya njiani. Angekubali chochote baada ya hapo. Walimwambia wanamtaka awe wa kulinganishwa, akakubali kabla hawajamweleza maana yake.

Maana yake alielezwa katika kundi la wageni wote, wagonjwa kwa wazima, na Mpimaji Kheri mwenyewe, mkuu wa Nyumba, mtu mrefu mwenye sauti ya upole na mikono inayonukia spiriti. "Ugonjwa peke yake haupimiki," aliwaambia. "Nikikuonyesha mtu anayetetemeka, utajuaje kwamba kutetemeka si tabia ya watu wa umri wake? Lazima nimweke kando yake mtu anayefanana naye kwa kila kitu, isipokuwa kwa ugonjwa. Nikitoa mmoja kwenye mwingine, kinachobaki ndicho ugonjwa." Sikudhani aliitikia kwa kichwa, kwa heshima. Baadaye tu, akiwa peke yake, ndipo hesabu ile ilipomtia kiwewe. Kama ugonjwa ni kile kinachobaki mtu akitolewa kwenye mtu, basi uzima ni nini? Nani alikuwa mzima kabla ya kuwekwa kando ya mgonjwa? Labda watu wote waliokuwa wakitembea nje ya Nyumba, wenye vikapu na watoto mgongoni, hawakuwa wazima wala wagonjwa. Walikuwa hawajalinganishwa tu. Na yule anayechagua nani awekwe kando ya nani, huyo ndiye mwenye kugawa uzima, na akitaka anaweza kuuhamisha kwa kusogeza kiti. Mwenyezi Mungu yuko wapi katika hesabu hii? Nyumba haikuwa mahali pa kumpa mtu jibu la kitu ambacho hakikupimwa.

Ilikuwa nyumba kubwa kiasi kwamba kuta zake za mwisho hakuna aliyeziona. Katika Ukumbi wa Usingizi watu walilala kwa niaba ya wengine, na waliolaliwa walikaa macho makavu wakiwatazama. Katika Ukumbi wa Moyo waliunganishwa wawili wawili kwa mrija, moyo mmoja ukipumzika mwingine ukipiga kwa wote. Katika Ukumbi wa Damu palikuwa na chupa za damu za watu waliokwishaondoka zamani, na kila asubuhi ziliitwa kwa majina ya wenyewe, na ilipoitwa chupa Sikudhani aliona povu dogo likipanda shingoni mwake, kama mtu anayeitika. Damu ilihudumiwa kwanza, walio hai baadaye. Hakuna aliyeona ajabu. Mtu huzoea.

*Mimi ni mzima. Nimeambiwa. Aliyeniambia ana koti. Nyayo zangu hazina kitu. Hazina. Aliyeniambia ana koti jeupe na hakunitazama usoni. Alitazama ulimi. Ulimi ndio unaojua?*

Mgonjwa aliyewekwa kando yake aliitwa Zamzam. Kwa kweli walifanana. Kimo kimoja, weusi mmoja, pengo moja la meno ya mbele, hata sauti na namna ya kukohoa kabla ya kusema. Siku ya kwanza walipokutanishwa Zamzam alimtazama juu mpaka chini, akasema, "Makubwa! Kumbe mama alinificha pacha," na wote wawili wakacheka mpaka wakafukuzwa koridoni. Walipewa chumba kimoja na vitanda viwili. Zamzam alipovua viatu alikuwa amevaa soksi tatu, moja juu ya nyingine, na kicheko kikamkauka Sikudhani kooni. Hakuhitaji kuuliza. Ugonjwa aliokuwa akiukimbia tangu utotoni ulikuwa umelazwa kitanda cha pili, umegeukia ukutani, unakoroma.

Sheria ya Nyumba ilirudiwa na kila mwenye koti: anayeona asisikie, anayesikia asione. Kheri alipima miili, na chumbani mwake ilikuwa marufuku mtu kufungua mdomo. Aliyesikiliza ni Sista Modesta, mwanamke mnene mwenye moyo mzuri na ulimi mkali, naye alikaa upande wa pili wa pazia zito, mgongo ameupa pazia. Karatasi hapakuwa nazo. Kheri alisema karatasi ina macho, na mpimaji akishajua nani mgonjwa ataanza kuuona ugonjwa hata kwenye kivuli cha mtu. Kwa hiyo siri ya nani mgonjwa na nani mzima waliachiwa wenyewe wawili. Walikula kiapo wasiitoe mpaka Siku ya Kufunua, wakavishwa magauni ya rangi moja, wakaitwa jina moja. Sikudhani na Zamzam waliitwa Jozi ya Bluu, na likiitwa jina hilo waliitika wote.

Ugonjwa wa Zamzam haukuonekana kwenye damu wala kwenye picha za mifupa. Ulionekana katika maneno tu, mpaka mwisho wake, ambapo ulionekana kwenye jeneza. Ndiyo maana kila siku, au kila kilichoitwa siku, jozi zilipelekwa mbele ya pazia kusimulia mwili. "Haya, simulieni," Sista Modesta aliagiza kutoka upande wa pili, na mmoja alisimulia mwili wenye maradhi, baridi imefika wapi, imelalaje, imeamkaje. Kisha wa pili alisimulia mwili wenye afya. Kusimulia afya kulikuwa kugumu zaidi. Mwanzoni Sikudhani alisema, "Sina neno, Sista," na Sista alifoka, "Hujambo si simulizi! Nimekwambia usimulie." Ikabidi ajifunze kusema jinsi njaa inavyokuja, jinsi mguu unavyoacha ardhi na kuirudia bila kufikiria, jinsi maji yanavyoshuka kooni. Alisimulia kwa shida, kwa haraka, akiogopa kwamba akiusema uzima wake kwa sauti utasikiwa na kitu kibaya.

Sasa kosa lao. Mtu asiyewahi kukaa katika Nyumba ile hataliona kuwa kosa, ataliita utu. Siku moja Zamzam aliamka hoi, midomo imepauka, hawezi hata kuinua kikombe.

"Shoga, leo sina mdomo," alisema. "Nisemee. Wewe yangu yote unayajua."

"Na kiapo je?"

"Tuliapa tusiseme nani mgonjwa. Tuliapa lini nani asimulie?"

"Wee Zamzam, una maneno wewe!"

"Ndiyo hayo yaliyobaki. Nisaidie, mwenzangu. Sista anataka masimulizi mawili, hajali yanatoka kwa nani."

Sikudhani alisimama mbele ya pazia, akasimulia. Hakuyatafuta maneno. Yalikuja yenyewe, ya Zamzam yakichanganyika na ya mama yake, soksi, upepo usiokuwepo, mlango unaotazamwa. Alisimulia mpaka mwenyewe machozi yakamtoka, na kule nyuma ya pazia Sista Modesta alishusha pumzi akasema, "Pole, mama. Pole sana." Hakuna mtu aliyewahi kumwambia Sikudhani pole kwa hofu yake ya miaka yote ile. Lilimwingia neno hilo, likamlainisha, akataka kulisikia tena. Halafu Zamzam, aliyeegemea ukuta, kama aliyerudiwa na mdomo ghafla, akacheka kwenye kiganja na kusimulia afya ya Sikudhani kwa utundu: nimeamka na njaa ya kumla ng'ombe, nimepanda ngazi sikushika ukuta, nyayo zangu zinawaka moto, Sista, nitafutie ndoo ya maji. Sista akacheka. Na jioni ile, au kilichoitwa jioni, Zamzam alimaliza sahani ya ugali.

Tangu siku hiyo walibadilishana moja kwa moja. Ilikuwa siri yao ndogo, na katika mahali ambapo kila tone la mkojo lilikuwa mali ya Nyumba, kuwa na siri kulikuwa raha. Zamzam akavua soksi ya kwanza. Akavua ya pili. Sikudhani alifurahi kwa dhati, alimpikia moyoni mwake sherehe nzima, wala hakujiuliza baridi inayoondoka mahali inakwenda wapi.

Leo, amekaa ukingoni mwa kitanda, alijiuliza. Zamzam alikuwa dirishani, dirisha lisiloonyesha kitu isipokuwa ukuta mwingine mweupe, anapangusa kioo. Alikuwa peku. Alikuwa amesimama kwa vidole vya miguu kufikia juu, na misuli ya nyuma ya miguu yake ilikaza na kulegea, kama ya mtu ambaye hajawahi kuugua.

"Zamzam. Baridi yako imefika wapi?"

Zamzam aliendelea kupangusa mahali pamoja. "Imeondoka," alisema hatimaye. "Ina muda."

"Mbona hukuniambia?"

"Ningekwambiaje? Nikwambie nimepona kwa kinywa chako? Niliona utaacha kunisimulia." Akageuka, akaona Sikudhani alivyoikumbatia miguu yake, na kitambaa kikamponyoka. "Ya Rabi. Imekuja kwako?"

"Nyayo tu."

"Nyayo tu," Zamzam alirudia, na wote wawili walijua hayo ndiyo maneno ya kwanza ya kila mtu.

Hofu ina akili ya kutafuta sababu. Sikudhani alizipanga. Labda huu ni ugonjwa wa ukoo, ulikuwa umelala damuni tangu tumboni mwa mama na saa yake imetimia. Katika hali hiyo wale wa makoti walikosea tangu kwenye benchi, na hakuwahi kuwa mzima hata siku moja. Labda ni wa Zamzam, umehama kwa njia ya maneno. Labda hakuna ugonjwa wowote, kuna ulimi tu uliozoea kusema baridi mpaka ngozi ikaamini. Alipozitazama zote tatu aliona zina sura moja, na zote zilikuwa na baridi kwenye nyayo.

Hapo kengele ikalia. Haikuwa kengele ya uji wala ya damu. Ilikuwa ndefu, na korido zote zilinyamaza. Mlango ukafunguliwa, Sista Modesta akaingiza kichwa, amefumba macho kama sheria ilivyotaka.

"Jozi ya Bluu. Kufunua ni leo. Bwana Mpimaji atauliza nani mzima, nani mgonjwa, na jibu la jozi ni moja. Kubalianeni, nitarudi kuwachukua." Akasita kidogo. "Na msiogope, mama zangu."

Kila mtu katika Nyumba alijua, au aliamini kwamba anajua, kinachotokea Siku ya Kufunua. Mgonjwa anabaki kwa ajili ya dawa, kama dawa imepatikana. Mzima anafunguliwa mlango anakwenda kwao. Sikudhani aliruka kutoka kitandani, akamshika Zamzam mabega.

"Nirudishie."

"Nikurudishie nini?"

"Unajua. Nisimulie afya yangu. Hapa hapa, kabla hajarudi. Nami nitaisema baada yako, neno kwa neno."

"Si uiseme mwenyewe? Ni yako."

Sikudhani alifumba macho akajaribu. Nimeamka na... Alitafuta njaa, akakuta baridi. Mguu wangu unaacha ardhi na... Na nini? Alikuwa anakumbuka sauti ya Zamzam ikisema, kicheko chake, ndoo ya maji, lakini maneno yenyewe yalimpita mbali. Kila alipofungua mdomo ulimi ulikwenda kwenye njia ulioizoea: nyumba ina upepo, Sista, leo imekaa magotini. Na alipoyafikiria tu magoti, yalipoa.

"Siyapati," alisema, akaanza kulia. "Zamzam, nakuomba. Kwa haki ya mama yako. Nakupigia magoti, nione."

Zamzam alimwinua, akamkumbatia kwa nguvu, na Sikudhani akasikia joto la kifua kile, joto lililokuwa lake. "Nikikusimulia nitakurudishia," Zamzam alisema sikioni mwake, "na baridi yangu itarudi mahali pake. Naogopa, mwenzangu. Nilishafika kiunoni mimi. Wewe hujui kiunoni kukoje."

"Ni afya yangu!"

"Ni yako. Lakini ulipokuwa nayo ulikuwa unafanya nayo nini? Ulikuwa unaogopa nayo tu, usiku na mchana. Mimi nimekula nayo. Nimelala nayo." Alikuwa analia yeye pia, kwikwi zile zile, kikohozi kile kile kabla ya neno. "Nisamehe. Nakupenda kama dada, lakini sikupi."

Sikudhani alitaka kumchukia, akashindwa, na hilo lilimtisha zaidi. Alimwelewa mno. Angekuwa yeye, naye angekataa. Kwani si yeye?

*Nani anaongea humu? Nani aliyekaa kwenye benchi? Alikuwa anakula karanga. Karanga zilidondoka, nani aliokota? Mmoja alitolewa kwenye mwingine. Akabaki nani. Akabaki nani.*

Ukumbi wa Kufunua ulikuwa mweupe na hauna viti. Sista Modesta aliwaleta akiwashika mikono, mmoja kulia mmoja kushoto, na safari hii alikuwa amefumbua macho. Mpimaji Kheri alikuwa amesimama kati, ameruhusiwa kusikia kwa mara ya kwanza, na alionekana mwenye furaha ya mtoto siku ya sikukuu. Nyuma yake palikuwa na meza iliyofunikwa kitambaa.

"Jozi ya Bluu," alisema. "Mmenivumilia sana. Niambieni basi. Nani mzima?"

Sikudhani alivuta pumzi ili aseme. Zamzam alikuwa ameshasema. "Mimi."

"Na mwenzako anakubali?"

Miguu ya Sikudhani ilikuwa mizito mpaka magotini. Alimtazama Kheri, akatafuta katika uso ule dalili yoyote ya mtu aliyewahi kusikia habari ya benchi na ulimi, hakuiona. Hakukuwa na shahidi duniani wa uzima wake isipokuwa yule aliyeuchukua. Akakata tamaa. Aliinamisha kichwa, na kichwa kilichoinama kilihesabiwa kuwa kimekubali.

"Vizuri," alisema Kheri. Akaondoa kitambaa mezani. Palikuwa na kikombe kimoja cha glasi, na ndani yake kitu cheupe kizito kama tui. Akakibeba kwa mikono miwili, akampita Sikudhani, akasimama mbele ya Zamzam.

"Dawa imepatikana," alisema. "Panya wameinywa wakacheza. Nyani wameinywa wakalala wakaamka. Koo la mtu halijaionja bado. Kunywa, mama."

Zamzam alirudi nyuma hatua. "Mimi? Mimi si ndiye mzima, Daktari? Mimi nakwenda nyumbani."

"Ni kwa kuwa wewe ni mzima," Kheri alieleza kwa upole ule ule, kama anayemfundisha mtu kufunga kamba ya kiatu. "Mgonjwa hapewi kwanza. Mgonjwa akinywa akafa, nitajuaje kilichomuua, ugonjwa au dawa? Mzima akifa najua. Akiishi, najua pia. Ndiyo kazi ya mzima. Ulidhani tulikuweka hapa miaka yote hii ili tukutazame?"

Zamzam aligeuka. Uso wake, ambao Sikudhani aliujua kuliko wake mwenyewe, ulikuwa umepauka kama siku ya soksi tatu.

"Mwenzangu," alisema. "Sema."

Sista Modesta aliwatazama wote wawili, mkono mdomoni.

"Sema ukweli, Sikudhani. Waambie ulivyokuja. Ulitaka nikurudishie, nakurudishia, ichukue! Nimeamka na njaa, Sista, nimepanda ngazi sikushika ukuta..."

Yalikuwa maneno yenyewe. Sikudhani aliyatambua mara moja, kila moja, na akahisi kwenye nyayo, chini kabisa, joto dogo likifungua jicho. Angeyasema baada yake, neno kwa neno, yangeingia. Alijua yangeingia. Ndicho kitu pekee alichowahi kukitaka tangu mama yake avae soksi kwenye jua kali, na sasa kilikuwa kimenyooshwa kwake, na nyuma yake kuna kikombe. Aliogopa. Aliogopa kwa mwili mzima, na kwa mara ya kwanza maishani aliikimbilia baridi ile, akaikumbatia, akajificha ndani yake.

"Mimi ni mgonjwa," alisema kwa sauti iliyosikika ukumbi wote. "Baridi imefika magotini. Nyumba ina upepo."

Zamzam alimtazama bila hasira, kama mtu anayejitazama kwenye maji. Kisha akapokea kikombe, akapiga moyo konde, akanywa mpaka chini.

"Simulia mwili," alisema Kheri, akiinama karibu. Hakutaka neno limpotee.

Zamzam alifumba macho. Alishika tumbo, akashika koo, akafumbua macho kwa mshangao. "Sisikii kitu," alisema. "Wallahi sisikii kitu. Niko kama nilivyokuwa."

"Maumivu?"

"Hakuna."

"Kuungua? Kizunguzungu?"

"Hakuna, Daktari. Hakuna kabisa!" Na akaanza kucheka, kicheko cha mtu aliyerudishwa kutoka kaburini, na Sista Modesta akacheka naye huku akifuta macho.

Sikudhani ndiye aliyeungua. Moto ulianzia kooni, koo ambalo halikuonja hata tone, ukashuka kifuani, ukafika tumboni ukafunguka. Alitaka kupiga kelele. Alifungua mdomo na hakuna kilichotoka, kwa sababu alizoea kusimulia mwili wa mwenzake na huu haukuwa wa mwenzake, au ulikuwa. Hakujua tena nani anaungua. Aliuona ukuta ukipanda kando yake, kisha akaiona sakafu kwa karibu.

"Mgonjwa ameanguka," Sista Modesta alisema.

Kheri aligeuka, akamtazama bila wasiwasi. Alimtazama kwanza Sikudhani aliye chini, kisha Zamzam aliyesimama anapumua vizuri, akatoa mmoja kwenye mwingine, na uso wake ukang'aa. "Ni ugonjwa wake," alisema. "Umepanda. Bahati njema dawa tumeshaijua kuwa ni salama. Leteni kikombe cha pili, upesi."

Kikombe kililetwa. Sikudhani alitikisa kichwa, au alidhani ametikisa. Alijaribu kuusogeza mkono wake, na kule ng'ambo Zamzam ndiye aliyeinua mkono, akapangusa jasho usoni. Sista Modesta alipiga magoti, akamwinua kichwa kwa huruma yote aliyokuwa nayo, akamweka kifuani kwake, na glasi ikagusa midomo.

"Kunywa, mama," alimwambia. "Usiogope. Mwenzako amekunywa, na unamwona alivyo mzima."